Msumaki wa Ukweni

Siku niliyoliona jina la kijiji cha mume wangu kwenye karatasi ya mmea uliokaushwa kabla mimi sijazaliwa, nilifurahi hata nikainuka kitini. Nilikuwa peke yangu ofisini, Nizwa, Omani, kiyoyozi kinavuma, na mbele yangu limelala tawi la msumaki lililobanwa likawa bapa. Majani yake matatumatatu kwenye kila kikonyo yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Vitunda vyake vilivyopukutika vilitiwa kwenye kibahasha kilichogundishwa pembeni visije vikapotea. Chini, upande wa kulia, palikuwa na lebo: bonde lipi, juu ya kijiji kipi, kwenye mwamba penye kichwa cha mfereji wa falaj. Kijiji hicho ndiko nilikoolewa.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Hebaria ni ghala la mimea iliyokufa. Mtu anapanda mlimani, anakata tawi lenye maua au matunda, analibana baina ya magazeti mpaka likauke, analigundisha kwenye karatasi ngumu, anaandika amelitoa wapi na lini. Karatasi inaingia kabatini, na humo itakaa wadudu wasipoiwahi. Mwaka ule nilipewa rekodi za zamani za msumaki wa kienyeji, nizitie kwenye kompyuta, kisha nitoke na gari nikatazame kama mti bado upo pale lebo inaposema.

Msumaki huu si ule wa madukani, unga mwekundu mchachu ambao Waarabu wa Sham wanaunyunyiza juu ya nyama. Ni ndugu yake, kichaka cha magengeni, matawi magumu yaliyopindapinda, unajichomeka kwenye nyufa za mawe huko juu mabondeni ambako hata mbuzi anafikiri kwanza kabla hajapanda. Watu wa mlimani wanauita qataf. Mama yangu, nilipomwonyesha picha kwenye simu nyumbani kwake Ibra, aliukazia macho akasema, "Huu si mkonochuma huu? Kwetu Unguja tukichemsha mizizi yake."

"Ni binamu yake mkonochuma, mama."

"Basi na wao wana jamaa zao huku," akasema, akanirudishia simu.

Mimi nimezaliwa Ibra, kwa baba na mama waliotoka Unguja wakiwa vijana. Nyumbani tulisema Kiswahili, skuli Kiarabu, na sikuwahi kujiuliza mimi ni nani mpaka nilipoolewa. Mume wangu ni mhandisi, tulijuana chuoni. Kwao ni mlimani, katika bonde ambalo mababu zake hawakulihama hata ulipokuja ukame uliohamisha wengine. Mama yake hakunitaka, na hakujipa taabu ya kulificha. Siku ya kwanza nilipopelekwa kwake, nilimbusu kichwa kama inavyopasa, akaniuliza mbele ya wanawake wote kama kwetu tunakula kwa mkono wa kulia. Tangu siku ile jina langu lilikuwa "Mzanzibari." Nikiwa nimekaa mbele yake, goti kwa goti, atamwambia wifi yangu, "Mwambie Mzanzibari alete kahawa." Nilipompikia wali wa nazi alionja punje, akasema una harufu ya sabuni. Na miaka ilipokwenda hatukupata mtoto, akawa na neno jengine kila tukionana. Hakulisema kwangu. Alilisema juu ya kichwa changu, akiwaambia mabinti zake.

Watu wote wa ukweni walisema Kiarabu. Maneno yao nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyoyatafunia.

Basi nilipoiona ile karatasi nilidhani nimepata pa kuingilia. Nilisema moyoni, mimi mgeni nitawaletea habari ya bonde lao ambayo wenyewe hawana. Ijumaa iliyofuata tulikwenda kijijini kula chakula cha mchana, na mbele ya sinia nikatoa picha ya karatasi, nikamweleza mama mkwe.

Aliitazama simu kwa muda, akaishika mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. "Upo," akasema. "Uko juu ya kichwa cha falaj. Tulipokuwa wadogo tukichunga mbuzi tukila matunda yake. Yanakausha ulimi." Kisha akacheka, na mimi nikacheka naye. Katika miaka yote ya ndoa yangu ile ndiyo mara ya kwanza tulicheka kitu kimoja.

Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, ndiye aliyenipandisha. Yeye ndiye mwenye nyumba ya wageni pale kijijini, nyumba ya zamani ya udongo waliyoitengeneza, watalii wanakuja kulala humo na kupiga picha vipando vya mitende. Tulipita juu ya ukuta wa mfereji, maji yanakwenda miguuni, mpaka bonde likabana na miamba ikasimama pande zote mbili. Pale pembeni mwa mwamba ulikuwa umesimama. Sikutegemea ungekuwa mkubwa vile. Shina lake nene kama paja, limejisokota likaingia kwenye jiwe kama kwamba jiwe ndilo lililootea juu yake. Ulikuwa na matunda. Nilikata kijitawi kimoja tu kwa ajili ya karatasi mpya, nikapiga picha, nikachukua vipimo, nikakaa chini kuutazama. Shemeji alikuwa anatazama uwanja wa mawe uliokuwa mbele yake.

"Hapa," akasema, "nataka kufanya baraza na hodhi la kuogelea. Mtu akae majini atazame bonde lote."

Nikamwambia ni pahala pazuri. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Wakati wa kahawa mama mkwe aliniuliza habari za mti, na mimi, kwa furaha ya kuulizwa, nikasema kila ninachokijua. Nikamweleza kwamba msumaki una mti dume na mti jike, mbalimbali, kama mitende. Alielewa mara moja, maana kila msimu wa kupandishia mitende yeye ndiye aliyekuwa akisimamia chavua iwekwe sawasawa.

"Na huu wetu?"

"Huu jike. Lakini sikuona dume popote bondeni. Huenda matunda yake ni ganda tu, ndani hamna kitu."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Maskini," akasema.

Shemeji akauliza, "Na serikali ikijua kuwa upo, inafanya nini?"

"Labda wataweka uzio," nikasema. "Labda watakuomba usijenge karibu. Mimi nawaombeni tu msiukate."

"Nani aukate?" mama mkwe akasema. "Mti umetuzidi umri sote."

Nilirudi Nizwa na kile kijitawi ndani ya kibanio cha mbao, nikabadilisha magazeti yake kila siku kama mtu anayebadilisha nguo za mgonjwa. Mkuu wangu wa kazi, mtu mpole aliyesomea nje, alifurahi kuliko nilivyotarajia. Kwenye sehemu nyingi za zamani tulizokwenda tulikuta barabara au hatukukuta kitu. Huu ulikuwa umeonekana tena, palepale, na bila shaka ni mti uleule. Akasema baada ya Idi angependa kuja yeye mwenyewe na watu wa mazingira, wautazame. Akampigia shemeji simu kuomba ruhusa. Shemeji alijibu vizuri sana, ahlan wa sahlan, karibuni nyote.

Idi Kubwa ilikuja. Wasiokaa Omani huenda hawaijui shuwa. Nyama inapakwa viungo, siki, thomu na pilipili, inafungwa kwenye majani ya mgomba, inatiwa kwenye vifuko vya makuti, na wanaume wanaishusha kwenye shimo lenye makaa, wanalifunika kwa bati na udongo mpaka siku ya pili au ya tatu. Mimi na mawifi zangu tulikaa jikoni tukipaka viungo mpaka mikono ikatuwaka. Nje wanaume walikuwa wanawasha shimo. Moshi uliingia ndani, na nakumbuka wifi mmoja, mdogo wao, alisema, "Moshi huu una harufu nyengine," na mama yake akamkata jicho, naye akarudi kupaka viungo. Mimi nilidhani anasema viungo. Kuni za shuwa siku zote ni sumr, mgunga wa jangwani, na sikuwa na sababu ya kufikiri kuni nyengine.

Siku ya kufukua, wanawake tulikaa upande wetu na sinia tatu. Mama mkwe aliniita. "Njoo ukae hapa, binti yangu." Hakusema Mzanzibari. Mawifi wakanisogelea wakanipisha, nikakaa ubavuni mwake, na hata sasa naona haya kuandika jinsi nilivyofurahi. Nyama ilikuwa laini, inaachana na mfupa kwa kuguswa. Akachagua kipande cha bega, akakipulizia kidogo kipoe, akanitia mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe. Kwa watu wale hiyo ni heshima kubwa.

"Tamu?"

"Tamu, ammati," nikasema, ndivyo mama mkwe anavyoitwa kule.

Akanitia kingine. "Unaonja nini humo?"

Nikataja iliki, karafuu, thomu. Yeye akatikisa kichwa, kama mwalimu anayemsubiri mtoto. Wawili watatu walianza kucheka wakiwa wameziba midomo kwa shela. Nikasema basi sijui.

"Mwanasayansi wa miti, na hujui kuni uliyopikiwa?" akasema. "Hiyo qataf yako. Imetoa makaa mazuri, wallahi. Yamekaa siku mbili hayajazima."

Sikuelewa, au sehemu yangu moja ilielewa na nyengine ikakataa. Nilikuwa bado na nyama mdomoni. Nikamtazama wifi mdogo, akainamisha macho kwenye sinia, ndipo nikajua kuwa si mzaha.

"Mliahidi," nikasema.

"Tuliahidi nini? Bonde letu, mti wetu, kuni zetu." Bado sauti yake ilikuwa ya upole, ile sauti ya kulishia. Kisha akawageukia wenzake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Msimcheke. Mti usiozaa lazima umlilie mwenziwe."

Walicheka. Si wote, lakini waliotosha.

Nilimeza. Watu wengine nikiwahadithia wanauliza kwa nini sikutema, na jawabu langu ni kwamba nilikuwa nimelelewa kutotema chakula mbele za watu. Nikanawa mikono, nikavaa viatu, nikapanda juu ya mfereji na nguo yangu ya Idi.

Kulikuwa na alama za magurudumu ya greda kwenye kokoto. Pale pembeni mwa mwamba palikuwa na shimo jeupe, jiwe limepasuliwa, mizizi iliyokatwa imechomoza ukutani kama vidole. Hawakuukata tu, waliung'oa ili usichipue. Mbele yake uwanja ulikuwa umesawazishwa, vigingi vimepigwa na uzi wa rangi ya machungwa umevutwa pembe kwa pembe, umbo la hodhi. Nilizunguka nikitafuta chochote. Mbuzi walikuwa wamekula majani. Chini ya uzio wa miba nilikuta kitawi kimoja kilichokwama, kimekauka, bado kina matunda machache. Nikakitia ndani ya mtandio wangu.

Mume wangu alinifuata. Alikuja taratibu, kanzu yake nyeupe kaikunja isiguse vumbi, akasimama mbali kidogo.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Ulikuwa unatuletea serikali juu ya ardhi yetu."

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Msumeno wangu," akasema. "Mimi ndiye niliyeuleta kutoka Nizwa."

Nikakumbuka kuwa wiki kadhaa kabla ya Idi tulikuja pamoja kwa gari, mimi mbele, msumeno nyuma umefunikwa turubai, na njia nzima nilikuwa nikimsimulia jinsi mkuu wangu alivyofurahi. Alikuwa akiitikia. Njiani, Izki, tulisimama akaninunulia juisi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama alisema nisikwambie kabla ya Idi. Ungetuharibia sikukuu." Kisha akasema, na nadhani kwa moyo wake wote aliona ni neno la kunituliza, "Ni kuni tu. Kule kwenye makabati yenu si iko hiyo nyengine? Ile ya zamani?"

Nilikuwa namtazama usoni, mtu niliyelala naye miaka yote ile, nikitafuta hata chembe ya aibu, nikaona anatazama saa. Wanaume walikuwa wanamngoja wagawe nyama.

Tulipoondoka mama mkwe alikuja mpaka garini. Akanipa fungu la shuwa limefungwa vizuri kwenye karatasi ya fedha, akasema, "Mpelekee mama yako. Mwambie hii kutoka kwangu." Alikuwa hajawahi kumpelekea mama yangu hata tende.

Nilimwambia mume wangu anishushe kituo cha basi. Hakubisha. Nilifika Ibra na lile fungu mapajani, na yale matunda makavu ndani ya mtandio. Mama alikuwa barazani. Nilimpa shikamoo, nikamweka nyama mbele yake, nikamhadithia yote bila ya kuacha kitu, hata lile neno la mwisho. Alisikiliza mikono imetulia. Nilipomaliza akafungua karatasi, akainusa nyama, akaanza kula.

"Mama!"

"Mbuzi kachinjwa kwa bismillahi, kosa lake nini?" Akatafuna, akameza. "Mwanamke yule kakulisha matusi, mimi nala nyama. Si kitu kimoja." Akala mpaka akashiba, akanawa, ndipo akaniuliza, "Unarudi?"

"Sijui."

"Chumba chako kipo. Nshakwambia tangu siku ile waliyokuuliza habari ya mkono wa kulia, watu hawa hawakuoi, wanakuvumilia. Hukutaka kusikia." Hakunikumbatia. Aliinuka akatandika kitanda.

Kazini nilimwambia mkuu wangu kwamba safari ya kwenda kijijini haipo tena. Alisikitika kweli. Lakini rekodi ilikuwa lazima ijazwe, na alitaka niandike neno linalotumika siku zote: "haukuonekana." Akanieleza kwa upole wake kwamba hawa ni watu wenye heshima zao, na kwamba sisi tunataka taarifa, hatutaki ugomvi.

"Lakini mimi nimeuona," nikasema.

"Najua, lakini sasa haupo."

"Nimeuona, na nimeula."

Alivua miwani akanitazama, akadhani nimerukwa na akili. Ilinibidi nimhadithie. Alichezea kofia yake juu ya meza. Mwisho akasema niandike ninavyotaka, ila jina la mtu lisitiwe. Nikaandika: mti jike, mmoja, umeng'olewa na kutumiwa kuni. Nikaandika na siku. Kile kitawi cha kwenye miba nilikigundisha kwenye karatasi mwenyewe, ingawa kilikuwa kibovu, majani hakina, na kwa desturi yetu kipande kama kile hutupwa. Kimewekwa karibu na lile tawi la zamani na lile nililolikata mimi. Kabla ya kukigundisha nilipasua matunda mawili kwa sindano. Nilikisia sawa, ndani hamkuwa na kitu.

Mume wangu alikuja Ibra mara mbili kunitaka nirudi. Mara ya pili alikuja na kaka yake, yule yule, akakaa barazani kwetu akanywa kahawa ya mama yangu na kusifu tende. Nilidai talaka, mume wangu akanipa bila ya kelele. Aliponitamkia sikuona kitu usoni mwake isipokuwa wepesi, kama mtu aliyetua mzigo uliokuwa ukimuumiza bega lakini akiona haya kuuweka chini. Mwaka haukupita alioa binti wa bonde lao, na binti akazaa. Wifi yangu mkubwa alinitumia picha ya mtoto kwenye simu. Hapakuwa na salamu wala neno, ila mtoto kafungwa kitambaa cheupe, na mkono wa bibi yake umemshika kichwa. Niliujua mkono ule. Baadaye akazaliwa wa pili, na nikaletewa picha tena.

Hodhi lilijengwa. Nimeliona kwenye mitandao, watalii wamekaa majini wanatazama bonde, na wengi wanasifu chakula. Mimi niliendelea na rekodi zangu. Upande wa Sur, kwenye bonde moja refu nyuma ya milima, nilikuta misumaki mingi, midume na mijike, imejaa mpaka kingo za maji. Nilikaa chini kivulini nikala mkate wangu. Sikuhisi lolote. Nilichukua vipimo, nikarudi garini.

Miaka kidogo ilipita kabla sijamwona tena mama mkwe. Nilikuwa nimempeleka mwenzangu wa kazi hospitalini, nimekaa ukumbini namngoja, nikasikia mtu nyuma yangu anajisemea kwa Kiswahili cha bara: "Ee Mungu, nipe subira." Nikageuka. Alikuwa msichana mwembamba mwenye nguo za kazi za nyumbani, anasukuma kiti cha magurudumu, na kwenye kiti amekaa yeye. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea. Mkono wa kulia umelala mapajani, haufanyi kitu. Macho ni yaleyale. Alinijua papo hapo.

"Mzanzibari," akasema. Ulimi ulikuwa mzito lakini neno lilitoka zima. "Umezaa?"

"Sijazaa, ammati."

Akatoa sauti puani, kama kicheko.

Msichana alikuwa amelidaka lile neno Mzanzibari, ananitazama mdomo wazi. "Dada, unasema Kiswahili? Shikamoo." Nikamuitikia. Ametoka Tanga, akasema, na tangu afike mlimani hajamsikia mtu anayesema lugha yake. Maneno yalimtoka mbiombio kama anaogopa kukatizwa. Simu yake bibi kaichukua, kaifungia. Ana mtoto mdogo kamwacha kwa mama yake, na hajasikia sauti yake tangu kabla ya Ramadhani. Akiomba anaambiwa kesho. Chakula anapewa kilichobaki, na bibi akikasirika anamtemea, kwa kuwa mkono haunyanyuki.

"Anasema nini?" mama mkwe akauliza kwa Kiarabu.

Nikamwambia kila neno, sikupunguza wala kuongeza. Nikamwambia pia kuwa kumfungia mtu simu yake hakuruhusiwi, na kwamba naijua ofisi ya kazi ilipo.

"Nimemlisha, nimemvisha," akasema. "Simu ya nini? Atalia tu, kazi isifanyike."

Nikatoa simu yangu nikampa msichana. Nikamwambia apige kwao, azungumze anavyotaka, asiogope. Akaishika kwa mikono miwili, namba anaijua kwa moyo. Mama mkwe aliinua mkono wake mzima akataka kuinyakua, hakuifikia. Akaanza kumtukana, matusi makubwa ya mlimani, watu ukumbini wakageuka.

Msichana, simu iko sikioni, inalia upande wa pili, alishika kiti kwa mkono mmoja akakizungusha. Alikizungusha taratibu bila ya hasira, mpaka miguu ya bibi ikakaribia kugusa ukuta, akafunga breki. Kisha akaenda kusimama mbali, dirishani. Nikamsikia anasema, "Haloo? Mama? Ni mimi. Mpe mtoto. Mpe mtoto kwanza."

Mama mkwe hakuweza kujigeuza. Aliniita, tena kwa jina langu la kuzaliwa, nililodhani halijui. Nilikuwa karibu yake, hatua mbili tatu, na breki ilikuwa upande wangu.

Nilikaa nikamsikiliza yule msichana wa Tanga akimwimbia mwanawe.